Gia ya Sita

Gari lilishuka Mkoani siku ya mvua,
jekundu, milango miwili, tumbo karibu na lami.
Kaka yangu Msellem amelileta kutoka Maskati
na karatasi moja kaibandika kwenye usukani:
"Lina gia sita. Usilidhulumu."

Sita! Mimi niliyejifunzia pikapu ya karafuu,
gia nne, na ya nne yenyewe ikichomoka
mpaka uizuie kwa goti.

Basi siku ya kwanza nikazipanda
kama mtu apandaye ngazi kaitiwa pilau,
moja, mbili, tatu, na huko Mtambile,
kilima ndiyo kwanza kinainua kifua,
nikatia sita, mwendo arubaini.
Gari likatetema kama mgonjwa wa homa ya baridi.
Bi Time Faki, fundi wa gia wa Machomanne,
akanipiga kibao cha bega.
"Unalikaba roho. Lisikilize."

Nikasikiliza. Chini ya nyayo zangu
kitu kilikuwa kikigonga, kikiomba ruhusa ya kufa.

"Sita si cheo, Nassor,
hupandishwi kwa kukaa muda mrefu kazini.
Wala si ya kukimbilia. Anayetaka kulipita lori la mchanga
hurudi nyuma kwanza: tano, nne, hata tatu,
injini ipige kelele, ipate nguvu.
Sita ni godoro. Nani hutandika godoro
katikati ya shamba, jembe lingali mkononi?"

Na kwa kuwa babaake alikuwa mtu wa kujibizana kwa tungo,
akanitupia ubeti, oili nyeusi imemganda kwenye kucha:

*Sita haina mabavu, kazi yake kupumua,
Kupanda ina uvivu, injini huiumbua,
Shuka nne kwa utuvu, ya tatu ukichukua,
Ikinyooka itie, ikipinda uitoe.*

Nikacheka. Ikinyooka! Kisiwa gani hiki kilichonyooka?
Ukitoka kona kuna bonde, ukitoka bonde kuna skuli,
ukitoka skuli kuna majamvi ya karafuu
yameanikwa hadi juu ya mstari mweupe,
na mwenyewe kakaa na fimbo, anakutazama usoni.
Ng'ombe. Tuta. Ng'ombe mwengine.
Wiki saba, na mkono wa gia
haujawahi kulala kule kwenye namba ya mwisho.
Nikaanza kuiona kama chumba cha wageni
katika nyumba isiyopata mgeni.

Mpaka Ijumaa moja, baada ya alfajiri,
tunatoka Chake kwenda Konde, Bi Time ana gia boksi la mtu.
Mahala fulani, nisipopataja
kwa kuwaogopa vijana wa mtaani kwetu,
njia ikajilaza.
Umande. Hakuna ng'ombe.
Injini imekwisha kupata moto wake,
na tano inapaza sauti juu kuliko haja,
kama msemaji wa mkutano chumbani mna watu wawili.
Bi Time hakusema neno. Alifungua dirisha.

Nikakanyaga klachi,
nikauvuta mkono kulia, nyuma,
nikaachia taratibu.

Kelele ikaondoka.
Si kasi: sindano ilikuwa pale pale, themanini.
Ni ile kelele tu, ilipungua hata nikasikia
ndege wa kondeni, na bangili za Bi Time,
na pumzi yangu niliyoibana
tangu Mkoani bila kujua.

Kiasi cha kusoma Kulhuwallahu mara tatu.
Kisha mtoto na baiskeli, mikungu miwili ya ndizi nyuma,
akachomoza kutoka kichochoroni:
nne, tatu, breki, salamu.

Usiku Msellem akapiga simu.
"Umelifikisha ngapi?"
Nimelifikisha Konde, nikamwambia. Na tumerudi.
"Na sita umeitia?"
Mara moja.
Nilipokuwa sina ninachokitaka kwake.